Noti Iliyopotea Kwenye Pantoni: Uchambuzi wa Kisa cha Malezi Baada ya Wazazi Kuachana

Mama huyu alikuja ofisini kwetu Temeke, Dar es Salaam, mwezi wa saba, shule zikiwa zimefunguliwa siku chache tu. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne aliyeng'ang'ania gauni lake. Kabla hata hajakaa akanipa simu nisome ujumbe aliotumiwa na mzazi mwenzake: "Mtoto ameshatimiza saba, sasa ni wa kwetu. Usihangaike kuja huku."

Mtoto anayetajwa ni binti yao wa kwanza, aliyekuwa darasa la pili huko Mtoni. Mwezi wa sita alikwenda Kigamboni, ng'ambo ya maji, kwa baba yake kwa likizo ya wiki moja, na wiki hiyo haikuisha. Mama aligundua kwamba mwanawe hatarudi alipopigiwa simu na mwalimu asiyemfahamu, wa shule ya Kigamboni, akimwomba barua ya uhamisho na namba ya Prem, ile ya kumtambulisha mwanafunzi, ya mtoto. Mwalimu yule alidhani mama anajua kila kitu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Tunamweleza haki zake, tunamsaidia kupanga maelezo yake na kumwonyesha mlango wa kugonga. Kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya wazazi wote wawili, na mambo madogo nimeyabadilisha ili watoto wasitambulike.

Wazazi hawa waliishi pamoja miaka sita bila kufunga ndoa. Baba ni Msukuma wa Shinyanga, dereva wa bajaji. Mama ni Mluguru wa Matombo, Morogoro, anauza vitafunwa asubuhi na chakula mchana karibu na gereji. Barua ya posa ilipelekwa na sehemu ya mahari ikatolewa, lakini haikumalizwa. Waliachana binti akiwa na miaka mitano na mdogo wake miwili. Hapakuwa na kipigo wala mtu wa tatu. Palikuwa na madeni, bajaji iliyochukuliwa na tajiri wake, yaani mwenye chombo, na maneno makali yaliyorudiwa kila usiku hadi mama akahamia chumba kimoja Mtoni kwa Azizi Ali. Baba akavuka kwenda kuishi na dada yake Kigamboni.

Mwaka wa kwanza na nusu waliutawala vizuri kuliko wazazi wengi ninaowaona. Kila Jumamosi ya pili binti alikwenda kwa baba. Ila wazazi hawakutaka kuonana uso kwa uso, kwa hiyo wakabuni utaratibu wao. Mama alimpeleka hadi Feri, kituo cha pantoni upande wa Magogoni, akamkabidhi kwa jirani anayeuza dagaa ng'ambo, binti akapanda pantoni na jirani huyo, na baba akampokea upande wa pili. Jumapili jioni safari ikageuzwa. Nauli ilikuwa shilingi 200 na maji yale hayachukui muda kuvukwa. Wote wawili waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba waliona wamemaliza tatizo.

Nikiri hapa kwamba hata mimi mwanzoni niliitazama sheria kuliko nilivyomtazama mtoto. Ule ujumbe wa "ametimiza saba" ulinipandisha hasira, kwa sababu ndio uongo unaoniletea akina mama wengi kuliko mwingine wowote. Mtaani, Tanzania nzima, watu wanaamini kwamba mtoto ni wa mama hadi miaka saba, halafu anahamia kwa baba kama mtu anayebadilisha darasa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, haisemi hivyo hata kidogo. Inasema kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kuhusu siku anayotimiza saba, haisemi kwamba baba anakabidhiwa mtoto. Kinachobaki ni kipimo kilekile kilichotangulizwa na kifungu hicho tangu mwanzo, yaani ustawi wa mtoto mwenyewe, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto akiwa na umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Tena palepale penye ile miaka saba, sheria inaitahadharisha mahakama izingatie ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Sentensi hiyo hakuna anayeinukuu mtaani.

Baba alikuwa na hoja nyingine, kwamba hawakufunga ndoa kwa hiyo Sheria ya Ndoa haimhusu. Hiyo nayo haisimami. Kifungu cha 160 kinawachukulia watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mume na mke, kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa vinginevyo mahakama bado ina mamlaka ya kuamua kuhusu watoto. Juu yake ipo Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo haimuulizi mtoto kama wazazi wake walifunga ndoa. Inataka mahakama iangalie umri wake, maoni yake, faida ya ndugu kukaa pamoja, na mwendelezo wa malezi aliyoyazoea.

Kwa hoja za sheria, basi, mama alikuwa mahali pazuri. Nikamsaidia kupanga maelezo na shauri likafunguliwa. Hakimu akaagiza taarifa ya ustawi wa jamii kuhusu nyumba zote mbili kabla ya kusikiliza upande wowote. Agizo hilo ndilo lililomwokoa mtoto, kwa maana bila lile tungeshinda tukiwa hatujui tunamrudisha nyumbani mtoto aliyebeba nini.

Dada wa ustawi aliyepewa kazi hiyo alivuka Kigamboni mara mbili. Safari ya pili alikwenda asubuhi na mapema bila kutoa taarifa, na akakuta godoro la futi tatu kwa sita limeanikwa uani, na nailoni yake imetundikwa pembeni. Godoro lilikuwa jipya. Baba alikuwa amelinunua pamoja na kitanda wiki aliyomchukua binti, kwa hela ya mkopo wa kikundi cha madereva. Shangazi wa mtoto hakuficha kitu. Alisema tangu mtoto aje anakojoa kitandani karibu kila usiku, watoto wa nyumba ile wameanza kumwita kikojozi, na yeye amemwogesha na kumnyamazia, hajampiga. Alisema pia kaka yake anatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, maana hesabu ya tajiri haingoji. Kwa hiyo baba aliyedai mtoto alikuwa anamwona amelala, isipokuwa ile nusu saa ya kumpeleka shule na bajaji. Nusu saa hiyo binti aliipenda sana, na dada wa ustawi aliiandika kwenye taarifa yake vilevile, jambo ambalo namshukuru kwalo.

Hakumuuliza mtoto anataka kukaa na nani. Ananiambia hamuulizi mtoto wa umri ule swali hilo, kwa sababu jibu lolote atakalotoa atahisi amemsaliti mmoja. Alikaa naye chini kibarazani wakamenya machungwa, wakazungumzia shule ya zamani na shule mpya. Chungwa la pili lilipoisha, binti akauliza yeye mwenyewe, "Ile hela ikipatikana, nitarudishwa nyumbani?"

Hela gani? Ikabidi avutwe polepole. Mwezi wa pili, jioni ya Jumapili moja, baba alimpa noti ya shilingi 10,000, ile nyekundu tunayoiita msimbazi, akamwambia, "Mpe mama yako, mwambie ni ya wiki hii, nyingine nitatuma." Binti akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa sketi. Kwenye pantoni kulikuwa na msongamano. Walipofika Magogoni akaingiza mkono mfukoni, hamna. Hakumwambia jirani wala mama. Usiku ule mama akampigia baba kulalamika kwamba wiki ya tatu hajaona matumizi. Baba akajibu ametoka kumpa mtoto elfu kumi mkononi. Mama akaona anadanganywa kwa kutumia jina la mtoto, baba naye akaona mama amekula hela na kukana. Simu ilikuwa kwenye spika, chumba ni kimoja, na binti alikuwa macho.

Baada ya hapo baba alikata matumizi: "Hela zangu hazionekani, za nini nitume?" Mama naye akasimamisha safari za Jumamosi: "Asiyelisha haoni." Mwezi wa tatu binti akatimiza miaka saba. Bibi akapiga simu kutoka Shinyanga kuuliza mjukuu wake anangoja nini kwa watu. Mwezi wa sita mama akalegea akatoa ile wiki moja, na yaliyofuata mmeshayasikia. Kwa watu wazima, kisa kizima kilikuwa cha umri, mahari na haki. Kwa mtoto kilikuwa cha noti moja. Aliamini yeye ndiye aliyevunja kila kitu, na kwamba kupelekwa Kigamboni ilikuwa adhabu yake.

Nimerudia kusoma ukurasa ule wa taarifa mara nyingi. Wanaoshughulika na watoto wa wazazi walioachana wanafahamu kwamba kinachomuumiza mtoto zaidi kwa kawaida ni ugomvi usiokwisha kati ya wazazi, kuliko kule kutengana kwenyewe, hasa pale mtoto anapowekwa katikati. Wanafahamu pia kwamba mtoto mdogo huwa anajilaumu. Akiwa hana maelezo ya kwa nini nyumba imevunjika, hutafuta kosa lake mwenyewe, na asipolipata hulitunga. Huyu hakuhitaji hata kulitunga. Tulimpa sisi watu wazima siku tulipomfanya tarishi wa fedha. Na kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha, kuumwa tumbo kila siku ya safari, kunyamaza ghafla, ni mambo ambayo wazazi wengi hudhani ni utundu au kurogwa, kumbe ni mtoto anayesema kwa njia pekee aliyonayo.

Wazazi walielezwa jambo hilo wakiwa pamoja, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, kwenye benchi nje ya chumba cha hakimu. Mama alifunika uso kwa kanga. Baba alinyanyuka akaenda hadi getini, akasimama huko kitambo, akarudi akasema, "Kwa hiyo hukula." Mama akasema, "Na wewe ulitoa." Tangu pale shauri halikuwa tena la kushindana.

Lakini palikuwa na wazee, na wao hawakuwepo kwenye benchi. Kwa Wasukuma mtoto hufuata ukoo wa baba na mahari ndiyo kamba yake. Bibi wa Shinyanga alikuwa tayari kutuma ng'ombe waliobaki ili jambo liishe. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Mjomba wa watoto hawa alishuka kutoka Matombo na kauli fupi: "Kwetu mtoto hanunuliwi." Kila upande ulikuwa sahihi kwa mila yake, na mila zote mbili zilimtaka mtoto yuleyule. Tamko la sheria za kimila la 1963, ambalo wazee wengine hulitaja, liliandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, na Waluguru si wa huko. Sheria ya Ndoa inaitambua mila, ila inaiweka nyuma ya ustawi wa mtoto. Mjomba niliyemwogopa sana ndiye aliyeokoa jahazi. Aliomba simu ya bibi, akazungumza naye kwa heshima zote, akamwambia ukoo wake hautapotea kwa sababu mtoto atalitumia jina la baba yake na kuja Shinyanga likizo. Bibi hakukubali siku hiyo. Alikubali wiki ya pili, kwa sharti kwamba aongee na mjukuu kila mwisho wa mwezi.

Makubaliano yenyewe yaliandikwa kwanza kwenye karatasi ya kaunta buku, kisha yakachapwa na kuwa amri ya mahakama. Watoto wote wawili wanaishi na mama Mtoni, binti akarudi shule yake. Kila wiki ya pili, Ijumaa, baba anamchukua binti getini shuleni na bajaji, anampitia mdogo kwa mama mwenye nyumba, wanapita Daraja la Nyerere hadi Kigamboni, na Jumapili saa 11 jioni anawarudisha. Wazazi hawalazimiki kuonana na mtoto hapandi tena pantoni akiwa na siri mfukoni. Mdogo mtu, ambaye miaka yote hiyo alikuwa hajapelekwa kwa baba yake kwa kisingizio cha udogo, sasa anakwenda. Likizo ya mwezi wa sita na ile ya mwezi wa kumi na mbili zinagawanywa nusu kwa nusu.

Kuhusu matunzo nilisimamia jambo moja kwa nguvu, nalo ni wiki. Mahakama na maofisi huzoea kuandika kiasi cha mwezi, kama vile kila baba ana mshahara. Dereva wa bajaji hana mwisho wa mwezi, ana jioni. Ukimdai laki moja tarehe 30 utamkuta mikono mitupu na utamwita mkorofi. Tukaandika shilingi 25,000 kila Jumatatu kwa simu, moja kwa moja kwa mama, na mahitaji ya shule ya Januari na Julai wachangie sawa. Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini sare, madaftari na michango ya chakula vipo palepale. Sheria inampa baba wajibu wa matunzo, na Sheria ya Mtoto inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, kwa hiyo biashara ya mama nayo ilihesabiwa. Hakulalamika.

Sharti la mwisho lilitoka kwa dada wa ustawi, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: mtoto asibebeshwe hela, ujumbe wala swali kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Hata "muulize baba yako sare itanunuliwa lini" hairuhusiwi. Kisha akawataka wazazi wakae na binti pamoja, wamwambie kwa maneno yao kwamba noti ilipotea kwa sababu watu wazima walimpa mtoto kazi ya watu wazima. Walikaa naye kwenye ngazi za ofisi ile. Sikusikia walichosema. Nilimwona binti akimkagua mama usoni, halafu baba, halafu mama tena.

Ni miezi kumi sasa tangu mama aje ofisini, na si kila kitu kimeshika. Kipengele cha simu ya kila jioni tuliking'oa ndani ya miezi miwili, maana iligeuka kuwa mahojiano: umekula nini, nani kaja, mama yuko wapi. Siku hizi baba anapiga Jumatano peke yake na wanazungumza vizuri zaidi. Mwezi wa kumi na moja giaboksi ya bajaji ilikufa na Jumatatu tatu zikapita bila hela. Nilitegemea mama afunge mlango kama zamani. Watoto walikwenda Ijumaa ileile kwa daladala, wakisindikizwa na mama mwenyewe hadi Kigamboni. Nilipomuuliza akanijibu, "Kumwona baba yao si malipo ya matunzo, si ndiyo mlivyotuambia?" Ndivyo sheria ilivyo: matunzo ni haki ya mtoto na kumwona mzazi ni haki ya mtoto, na moja haiwi rehani ya nyingine. Mzazi asiyepata matunzo ana njia ya mahakama, na anayenyimwa kumwona mtoto ana njia hiyohiyo. Baba alilipa deni lote kwa mafungu hadi mwezi wa pili.

Kukojoa kitandani kulipungua polepole, kukarudi wiki ya mitihani, kukapungua tena.

Sasa limeibuka jipya. Mama amepata nafasi ya biashara Morogoro mjini, karibu na ndugu zake, na anataka kuhamia huko na watoto mwishoni mwa mwaka. Baba anasema umbali huo utamfanya mgeni kwa wanawe, na ana hoja. Binti yuko darasa la tatu, mwakani anaingia la nne lenye upimaji wa kitaifa, na kuuanza mwaka ule kwenye shule mpya itakuwa shida nyingine. Wamekubaliana kitu kimoja tu mpaka sasa, kwamba hakuna atakayehama kabla amri haijabadilishwa. Tumepanga kukutana Jumanne ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita. Dada wa ustawi ameomba safari hii aanze kuzungumza na binti peke yake, kabla wazazi hawajaingia, na ameshanunua machungwa.